Shajara ya mradi: kuwafuatilia kwa simu wazazi waliojifungua kwa upasuaji baada ya kuruhusiwa

15 Januari 2024: Tulipoanzia

Shajara hii inaandikwa na timu ya wodi ya wazazi katika hospitali moja ya rufaa kusini mwa Tanzania, kwa ajili ya wenzetu wa wodi nyingine wanaotaka kuanzisha huduma kama hii bila kumsubiri mfadhili. Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji hukaa kwetu takriban siku tatu kisha huruhusiwa. Mshono wake, kama utaharibika, mara nyingi huharibika akiwa tayari yuko nyumbani, na ndiyo sababu ufuatiliaji wa maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku ya 30 badala ya kuishia mlangoni pa wodi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mzazi na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Mara mbili za mwanzo tunazitimiza kwa urahisi kwa kuwa mzazi bado yuko kitandani kwetu. Ya tatu ndiyo inayopotea: inamkuta kijijini, nauli hakuna, na mama mkwe anasema mwenye mshono hapandishwi bodaboda, jambo ambalo si rahisi kumpinga.

Mpango ni kumpigia kila mzazi simu siku ya 3 baada ya kuruhusiwa, kisha siku ya 7, ya 14 na ya 30. Tumetenga daftari moja la kaunta, simu moja ya kitochi, laini iliyosajiliwa kwa jina la hospitali, na saa mbili za muuguzi wa zamu ya asubuhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa inasainiwa kabla mzazi hajaondoka, nayo inataja ni nani mwingine anayeruhusiwa kupokea simu hiyo. Uandaaji wa fomu na mafunzo ya wauguzi havikuwa na tatizo.

26 Februari 2024: Namba zisizopatikana

Mwezi wa kwanza ulikwenda zaidi katika kumsikiliza yule dada wa mtandao akitueleza kwamba mteja tunayempigia hapatikani kwa sasa. Namba tulikuwa tunazinakili kutoka kwenye faili la mapokezi, na mapokezi huandika namba yoyote anayoitoa mtu aliyemleta mgonjwa. Tulipozifuatilia, tulikuta namba za madereva wa bajaji, za mashemeji waliokwisha kurudi kazini kwao, na za laini zilizokwisha kubadilishwa. Tangu usajili wa laini ulipoanza kufanywa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, wanawake wengi wasio na kitambulisho hicho wanatumia laini iliyosajiliwa na mume, kaka au jirani, na laini hiyo ikirudi kwa mwenyewe, mawasiliano yetu nayo yanakatika.

Marekebisho tuliyofanya ni haya. Namba sasa huchukuliwa wodini, siku ya kuruhusiwa, na muuguzi anaipiga palepale mbele ya mzazi: ikiita kitandani, simu ni yake, ikiita kwingine, tunajua kwamba tumeandika simu ya mtu mwingine na tunauliza ni ya nani, anakaa umbali gani na mzazi, na hurudi nyumbani saa ngapi. Namba ya pili ni lazima iwe ya mtu atakayelala nyumba moja na mzazi katika wiki mbili za mwanzo, ambaye kwa kawaida ni mama yake au mama mkwe. Tumeongeza pia safu ya saa, kwa sababu asubuhi simu huwa imepelekwa kibandani kuchajiwa au imekwenda shambani na mwenye nayo. Simu nyingi sasa tunazipiga kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, na muuguzi anayehusika amehamishiwa zamu ya mchana.

Jambo moja hatukulitarajia. Muuguzi wa kiume alipopiga jioni kwa namba ambayo mume haijui, alipokewa kwa maswali makali, na nyumba moja iliingia katika ugomvi ambao tulilazimika kwenda kuutatua kwa kumpigia mume wenyewe. Tangu hapo mume, au yeyote mwenye simu, anaelezwa kabla ya ruhusa kwamba hospitali itapiga kwa namba hii, siku hizi, na sauti inaweza kuwa ya mwanamume. Namba ya wodi tunaihifadhi kwenye simu yake kwa jina la hospitali kabla hajaondoka. Akipokea mtu mwingine, muuguzi hujitambulisha, huomba kuzungumza na mzazi, wala hasemi lolote kuhusu afya yake.

8 Aprili 2024: Maswali

Simu zilipoanza kupokelewa, karibu kila mtu alikuwa mzima. Daftari lilikuwa na "anaendelea vizuri" ukurasa baada ya ukurasa, huku vidonda vilivyofumuka vikiendelea kuletwa wodini vikiwa na usaha wa siku kadhaa. Tulikaa na muuguzi mkunga mkuu tukasikiliza mazungumzo yanavyokwenda. Muuguzi anauliza habari za tangu juzi. Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mtoto hajambo? Hajambo. Na kidonda kinaendeleaje? Kinaendelea vizuri, dada nesi, asante kwa kutukumbuka. Simu inakatwa. Kwa mtu aliyelelewa vizuri, aliyepigiwa simu na mtu wa hospitali, na pengine mama mkwe amekaa pembeni anasikiliza, hakuna jibu jingine la heshima. Swali la "unaendeleaje" tulikuwa tunaliuliza kama kipimo, naye alikuwa anaitikia salamu.

Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu ujumbe mfupi, kwa kufuata mfano unaojulikana sana wa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la The Lancet, watu wanaoishi na VVU walitumiwa kila wiki ujumbe wa "Mambo?", nao wakatakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa kuliko wasiotumiwa. Kwetu mfano huo haukushika. Washiriki wa Kenya walikuwa watu wenye simu ya kuifikia na uhusiano wa muda mrefu na kliniki moja, ilhali mzazi wetu tunakuwa naye mwezi mmoja tu, mara nyingi kwenye simu ya mtu mwingine isiyo na salio la kujibu. Isitoshe, ujumbe uliotumwa kwa mfumo wa jumla ulifika katikati ya matangazo ya kamari na vifurushi, ukafutwa pamoja nayo. Tulilipa shilingi ishirini na kitu kwa kila ujumbe hadi salio la mfumo lilipokwisha, na hatukuliongeza tena.

Tulirudi kwenye sauti tukabadilisha maswali. Salamu zinabaki, kwa sababu bila salamu hakuna mazungumzo, lakini haziandikwi daftarini. Baada yake yanakuja maswali ambayo hayajibiki kwa "vizuri". Kitambaa au kanga inayogusa mshono, ukiiondoa asubuhi inakuwa imeloa? Imeloa maji, damu au usaha? Ukiweka kiganja karibu na mshono na kiganja kingine ubavuni, wapi kuna joto zaidi? Maumivu ya leo yamezidi ya jana au yamepungua? Usiku uliopita ulijifunika ukitetemeka? Umeanza kukandwa? Nani anakukanda, na kibwebwe unakifunga wapi?

Swali la kukandwa lilitoka kwa mhudumu wa usafi wa wodi, mama mtu mzima ambaye amekanda wazazi wengi kuliko sisi tulivyowazalisha. Maji ya moto na kibwebwe kilichokazwa ni haki ya mzazi katika nyumba nyingi za huku, na bibi anayekanda hana sababu ya kujua kwamba mshono ulio chini ya kitovu haupaswi kuloweshwa na kubanwa kabla haujashika. Kumkataza kwa simu hakukusaidia. Kilichosaidia ni kumwita wodini siku ya ruhusa, kumpa shikamoo yake, na kumwonyesha mshono wenyewe na kumweleza kwamba mgongo, miguu na mabega akande atakavyo, tumbo alisubirishe hadi tutakapopiga simu ya siku ya 14 na kumruhusu. Mabibi wamekuwa wasimamizi wetu wakali kuliko wote. Baadhi yao sasa ndio wanaopiga kabla hatujawapigia.

Swali la wekundu tumelifuta kabisa. Mafunzo tuliyopewa yaliliweka mwanzoni mwa orodha, lakini kwenye ngozi nyeusi uvimbe unaoanza hauonekani mwekundu. Huonekana kama ngozi iliyozidi kuwa nyeusi, inayong'aa na iliyokakamaa. Mzazi aliyeulizwa kama pana wekundu alijibu hapana, na alisema kweli.

Lipo kosa moja ambalo kila atakayenakili mradi huu anapaswa kulizuia kabla ya simu ya kwanza. Muuguzi aliyekuwa akifuata orodha alimuuliza mzazi kama mtoto hajambo, na mtoto huyo alikuwa amefia wodini. Daftari lilikuwa na jina, namba na tarehe ya upasuaji, bila neno lolote kuhusu mtoto. Sasa safu ya mtoto inatangulia safu ya namba ya simu, kiasi kwamba huwezi kuisoma namba bila kupita juu yake, na wazazi waliofiwa wanapigiwa na muuguzi mkunga mkuu peke yake. Simu zao ni ndefu kuliko nyingine, na zina swali ambalo orodha ya kwanza haikuwa nalo: matiti yamejaa, na nani amekuonyesha cha kufanya?

3 Juni 2024: Picha za mshono

Kwa wale wenye simu janja nyumbani, tuliomba picha ya mshono siku ya 7 kupitia WhatsApp. Tulinunua simu janja ya shilingi 280,000. Picha za mwanzo zilikuwa za jioni, chini ya taa ya sola, mkono ukitetemeka, na nyingine zilionyesha zaidi upindo wa kanga kuliko mshono. Wilayani Kirehe, mashariki mwa Rwanda, picha za vidonda vya upasuaji wa uzazi zilipigwa majumbani na wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa; sisi tulimwomba mzazi mwenyewe, aliyelala chali na asiyeweza kuinama, aupige picha mshono wake. Tofauti ilionekana.

Maelekezo yaliyofanya kazi ni mafupi: saa nne asubuhi, mlangoni penye mwanga lakini si juani, apige mtu mwingine, na kadi ya kliniki ilazwe kando ya mshono ili tupate kipimo cha ukubwa. Kadi igeuzwe upande usio na jina. Uso usionekane. Picha isiyoeleweka hairudiwi zaidi ya mara moja. Baada ya hapo mzazi anaombwa aende zahanati, kwa kuwa kuhangaika na picha kumewahi kutuchelewesha siku nzima kwa mzazi aliyehitaji kufunguliwa mshono.

Upande wetu palikuwa na tatizo kubwa zaidi. Programu ilikuwa inahifadhi kila picha kwenye matunzio ya simu bila kuuliza, na kabla simu ya idara haijanunuliwa, baadhi ya picha zilikuwa zimepokelewa kwenye simu binafsi za wauguzi, ambazo watoto wao huzichezea nyumbani. Picha hizo zilifutwa mbele ya mganga mfawidhi, na simu binafsi zikapigwa marufuku. Simu ya idara ina namba ya siri, haitoki wodini, imezimwa uhifadhi wa picha wa moja kwa moja na hifadhi ya mtandaoni, na daktari anayeiona picha anaandika alichokiona kwenye faili la mgonjwa kisha picha inafutwa siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu picha zina faida ndogo kuliko zinavyosifiwa: swali la kitambaa kilicholoa limetuonyesha vidonda vingi zaidi, tena kwa simu ya kitochi.

19 Agosti 2024: Presha nyumbani

Wazazi waliokuwa na presha ya mimba ndio tunaowahofia zaidi, kwa kuwa presha baada ya kujifungua huelekea kupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambao mzazi ndiyo kwanza amefika nyumbani. Huko Philadelphia, nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha wazazi 206: waliopewa mashine ya presha waende nayo nyumbani na kutuma vipimo kwa ujumbe wa simu, na walioambiwa warudi kliniki. Katika siku kumi za kwanza vipimo vilipatikana kwa asilimia 92 ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 44 tu ya kundi la pili. Sisi tulinunua mashine tatu za shilingi 120,000 kila moja na kuziazimisha kwa siku kumi.

Mashine hazikurudi kwa wakati. Moja ilirudi bila betri, nyingine ilikuwa imegeuka mashine ya kijiji na mkanda wake umelegea kwa kupima kila aliyepita. Hilo ni jambo jema kwa kijiji na baya kwa mzazi anayeisubiri. Vipimo navyo vilikuja vimechanganyika: skrini inaonyesha namba tatu zilizopangana, na mzazi aliposoma ya juu na ya mwisho tulipata "150 chini ya 84", kumbe 84 ni mapigo ya moyo na namba ya katikati, iliyokuwa 104, haikusomwa. Tiba yake ilikuwa kipande cha plasta ya kidonda kilichobandikwa juu ya namba ya tatu. Hakuna aliyekosea tangu hapo.

Kuhusu mashine kupotea, tumeacha kuazimisha kwa mtu. Mashine inapelekwa zahanati iliyo karibu na mzazi kwa saini ya mganga mfawidhi wa zahanati, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaibeba hadi nyumbani asubuhi, anapima mzazi akiwa ameketi na ametulia, kisha anatupigia akiwa palepale. Ikifika 140 kwa 90, daktari wa wodi anaarifiwa siku hiyo. Ikifika 160 kwa 110, au pakiwa na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au maumivu ya chembe ya moyo hata kama namba ni nzuri, hatuulizi swali jingine, mzazi anasafirishwa.

14 Oktoba 2024: Simu ikishagundua, nani anatenda?

Sehemu hii ndiyo ningeiweka mwanzo kama ningeanza upya. Kufikia Julai tulikuwa tunagundua matatizo vizuri, na tukadhani kazi imekwisha kwa kumwambia mzazi "rudi hospitali". Mzazi mmoja aliyeambiwa hivyo kwa usaha alifika siku ya pili, mlinzi akamwelekeza foleni ya wagonjwa wa nje, dirishani akaulizwa malipo ya kufungua faili, akarudi nyumbani. Daftari letu lilionyesha kwamba ameshauriwa kurudi. Lilionyesha mafanikio.

Mambo matatu yalibadilishwa. Kwanza, kila anayeruhusiwa anapewa karatasi ya rangi ya njano yenye namba ya daftari na neno "wodi ya wazazi moja kwa moja", na walinzi wote wa getini wameonyeshwa karatasi hiyo. Pili, kabla ya kumwita mzazi, muuguzi anampigia mganga wa zahanati ya kwao amwone kwanza, kwa sababu vidonda vingi vyenye unyevu vinahitaji kusafishwa na kufungwa vizuri tu, na safari ya saa tatu barabarani ingeviumiza zaidi. Tatu, dharura haisubiri nauli: namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, ni ya bure, na pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva wa jamii. Muuguzi wetu ndiye anayepiga 115, haachiwi mzazi. Safu mpya ya daftari inaitwa "alifika?", na simu haifungwi mpaka safu hiyo ijazwe.

Oktoba pia imetufunza habari ya korosho. Familia zinahamia mashambani kwenye vibanda visivyo na mtandao, na mzazi anafuata. Kwa sasa, kuanzia Oktoba hadi Desemba, tunauliza wodini kama atakwenda shambani, na akisema ndiyo tunaandika kilima au mti ambako watu huenda kutafuta mtandao na siku ambayo mtu atapanda kutupigia. Anabipu, tunampigia.

9 Desemba 2024: Gharama

Kitochi kilinunuliwa kwa shilingi 35,000 na simu janja kwa 280,000. Mashine tatu za presha zilikuwa 360,000, na betri za kuchaji pamoja na chaja yake 45,000. Muda wa maongezi ulianza kwa vocha za rejareja zilizokwisha katikati ya mwezi. Kifurushi cha mwezi cha mitandao yote kimeshusha matumizi hadi kama 25,000 kwa mwezi. Nauli na posho ndogo ya wahudumu wa jamii ndiyo gharama kubwa kuliko zote, wastani wa shilingi 60,000 kwa mwezi, nayo hupanda wakati wa mvua. Fedha zimetoka katika mapato ya ndani ya hospitali. Mfumo wa ujumbe wa jumla tuliulipia 150,000, na hizo ni hasara tupu.

Gharama ambayo haimo kwenye risiti ni saa za muuguzi. Zamu ikielemewa, simu ndizo zinazoachwa kwanza, na daftari linaonyesha wazi wiki ambazo wodi ilijaa.

17 Februari 2025: Hali ilivyo

Kuanzia Machi zamu ya simu inaandikwa kwenye rosta kwa jina, kama zamu ya usiku inavyoandikwa, na muuguzi aliyepangwa hahesabiwi kwenye idadi ya wodi kwa saa hizo mbili. Wauguzi wenyewe ndio waliolidai sharti hilo. Usiku hatupokei simu. Karatasi ya njano sasa imechapishwa 115, pamoja na 199 ya Wizara ya Afya kwa maswali ya kawaida.

Daftari la pili limechorwa upya. Safu zake, kwa atakayetaka kulinakili, zinakwenda hivi: namba ya faili, hali ya mtoto, presha ndiyo au siyo, nani anamkanda, simu ya kwanza na mwenye nayo, simu ya pili na mwenye nayo, saa ya kupiga, zahanati ya karibu na namba ya mganga wake, majibu ya siku ya 3, 7, 14 na 30, hatua iliyochukuliwa, alifika. Wodi ya upasuaji ya wanaume imeomba kuanza na wagonjwa wa ngiri mwezi Aprili. Tumewapa daftari tupu, orodha ya maswali na kitochi cha zamani, na tumewashauri waanzie getini kwa mlinzi kabla ya kupiga simu yoyote.